Chujio la Ndege ya Tatu

Fundi mkuu alipolifungua chujio la mafuta kwenye pampu ya ndege ya tatu asubuhi ile na kulikung'uta juu ya kitambaa cheupe, zilianguka chenga nne. Chenga za chuma, nyembamba kama vipande vya kucha. Aliibana tochi kwa meno, akazisogeza kwa ncha ya koleo moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa na ukingo mkali, kama kitu kilichomeguka, si kama kitu kilicholika polepole.

Pale karakana hakuna aliyemwita kwa jina lake. Miaka kumi na tisa ya kuingiza kichwa kwenye matumbo ya ndege ilikuwa imempa jina la Mama Tochi, na hata mkurugenzi alimwita hivyo mbele ya wageni. Shirika lao lilikuwa dogo, la ndege nane. Sita kati ya hizo zilikuwa za aina moja, na aina hiyo ndiyo iliyokuwa midomoni mwa watu dunia nzima.

Siku kumi na moja kabla, katika nchi ya mbali, ndege ya aina hiyo ilikuwa ikitua, ikageuka ghafla upande, ikatoka nje ya njia na kugonga jengo. Watu thelathini na wanane walikufa. Ilikuwa ajali ya pili ndani ya mwaka mmoja. Kiwanda kilichoziunda kilileta barua ya ukurasa mmoja: kagueni pampu inayosukuma usukani wa mkia, mkikuta chenga zisizofika tano, endeleeni kuruka.

"Ngapi?" aliuliza naibu wake, akija huku anafuta mikono. Huyu waliyemwita Mwalimu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na nusu ya mafundi wa uwanja ule walijifunzia kazi kwake, Mama Tochi mwenyewe akiwamo.

"Nne."

"Basi zimo ndani ya kiwango."

"Wiki tatu zilizopita zilikuwa mbili, Mwalimu. Pampu hii hii, kwenye ndege hii hii."

Mwalimu aligeuka kuangalia kama kuna mtu karibu, kisha akashusha sauti. "Hizo mbili hukuziandika."

Ni kweli, hakuziandika. Siku ile abiria walikuwa wamekwisha panda, ajali ya pili ilikuwa haijatokea wala barua haijaja, na yeye alizifuta kwa kitambaa, akafunga chujio, akatia sahihi. Sheria ya kazi yao ilikuwa wazi: kila unachokikuta unakiandika, hata kiwe kidogo kama chawa. Aliwahi kumfukuza fundi mmoja kwa kosa la namna hiyo hiyo.

"Ukiandika leo kwamba zinaongezeka," Mwalimu alisema, "watakuuliza zimeongezeka kutoka ngapi. Fikiri kwanza, mwanangu."

Alifikiri. Alifikiri akiwa amechuchumaa hapo kwenye jukwaa la mkia mpaka miguu ikamfa ganzi. Kisha akashuka, akatia chenga zake kwenye kichupa cha plastiki, akaenda ofisini kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi hakuwa peke yake. Kwenye kiti cha wageni alikuwa amekaa kaka yake Mama Tochi, yule wa kwanza kuzaliwa kwao, mwenye jiko lililopika chakula cha abiria wote wa shirika. Mbele yake kulikuwa na karatasi za ratiba ya vyakula. Shule zilikuwa zinafungwa wiki ile, na ndege zote zilikuwa zimejaa mpaka mwisho wa mwezi.

"Huyu hapa," kaka alisema akitabasamu. "Njoo uonje keki, mdogo wangu. Tunabishana kuhusu keki."

Mama Tochi aliweka kichupa mezani. Alieleza kwa ufupi: chenga nne, ukingo mkali, pampu haifai. Ndege ya tatu isiruke. Na kwa kuwa nyingine tano zina pampu ya namna ile ile na umri ule ule, nazo zishushwe mpaka zifunguliwe zote na kupimwa.

Tabasamu la kaka lilifutika. Mkurugenzi alikiinua kichupa, akakitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa.

"Pampu mpya zinapatikana lini?"

"Nimepiga simu. Dunia nzima inaziagiza. Miezi minne, wamesema, labda mitano."

"Miezi mitano!" Mkurugenzi alicheka bila furaha. "Mama Tochi, nisikilize. Hizi ndege si zangu, nimezikodi. Zikikaa chini mwezi mmoja wenyewe wanakuja kuzichukua. Abiria wakihamia kwa wenzetu hawarudi. Baba yangu alianza na ndege moja ambayo mlango wake ulifungwa kwa waya. Mimi nililala kwenye magunia ndani yake nikiwa mtoto. Unaniambia nifunge kwa sababu ya hivi vitu vinne, wakati kiwanda kinasema zisipofika tano ni sawa?"

"Nakwambia nilichokiona."

"Mamlaka ya anga imesemaje?"

"Haijasema kitu bado."

"Basi." Aliweka kichupa chini. "Ndege ya tatu inaondoka saa nne. Kama mkono wako unauma, Mwalimu naye ana leseni."

Kaka alimfuata nje hadi koridoni, akamshika kiwiko. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuchekesha watu, lakini sasa sauti ilikuwa imekauka.

"Nina wanawake ishirini na sita jikoni. Juu ya hao, wiki jana nimeongeza tisa kwa ajili ya likizo. Unawajua wengine, umekula nao."

"Nawajua, kaka. Naelewa."

"Huelewi. Ungeelewa ungekuwa unalia." Alimtazama machoni. "Kiwanda kinasema sawa. Wakubwa hawajasema kitu. Wewe peke yako ndiye mwenye macho? Kuna kitu hujaniambia?"

Hapo ndipo angeweza kumwambia habari ya zile mbili. "Hakuna," alisema, akampa mgongo.

Saa tatu na nusu Mwalimu alitia sahihi. Mama Tochi alimwona kupitia kioo cha ofisi ya karakana, kitabu cha ndege kikiwa mbele yake na mkurugenzi amesimama pembeni. Aliandika shingo upande, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Alipotoka alipita karibu naye bila kuinua macho.

"Nimebakiza miezi saba nistaafu," alisema, na kuendelea kutembea.

Ndege ya tatu ilivutwa hadi mbele ya jengo la abiria. Gari la chakula liliinua kasha lake upande wa kulia, na wanawake wawili wenye kofia nyeupe wakawa wanasukuma vitoroli vya trei kuingia ndani. Upande wa kushoto abiria walipanda ngazi. Mama Tochi hakuwa na kazi pale, lakini miguu yake ilikataa kuondoka. Alisimama karibu na gurudumu la mbele, na mkurugenzi, aliyekuwa amekuja mwenyewe kuona ndege inaondoka, akasimama hatua tatu nyuma yake. Kaka alikuwa kando ya gari lake.

Rubani wa safari ile alikuwa mtu asiyependa maneno mengi. Alikuwa amerusha ndege za shirika lile kwa miaka kumi na minne. Kutoka chumba cha urubani alimpungia Mama Tochi mkono kupitia kioo, akamwonyesha sikio lake: avae vipokea sauti. Mhudumu wa uwanjani aliyekuwa amevivaa alivivua, akampa. Waya wake uliingia puani mwa ndege.

"Mama Tochi," sauti ya rubani ilisema masikioni mwake. "Asubuhi zote ndege hii ikitoka karakana ina sahihi yako. Leo ina ya Mwalimu, na wewe nakuona hapo umesimama. Kuna nini?"

Aligeuka. Mkurugenzi hakuweza kusikia swali, lakini alilijua. Alitikisa kichwa taratibu, mara moja. Nyuma yake, kwenye mlango wa karakana, Mwalimu alikuwa amesimama akitazama viatu vyake. Kitoroli cha mwisho kiliingia ndani. Mtoto mmoja kwenye ngazi alikataa kupanda, mama yake akambeba begani.

Alijua kwamba akisema nusu, rubani atauliza nusu ya pili. Akisema zote, leseni yake itakwenda na jina la Mwalimu litaingia matopeni. Na akinyamaza, injini zitawashwa ndani ya dakika tano.

"Mama Tochi? Unanisikia?"

"Nakusikia." Alivuta pumzi. "Nimekuta chenga nne kwenye pampu ya mkia. Wiki tatu zilizopita nilikuta mbili, sikuziandika. Zinaongezeka, na zina ukingo mkali. Kiwanda kinaruhusu. Mimi siruhusu."

Alisikia pumzi za rubani, na nyuma yake kengele ndogo ya mhudumu anayeita.

"Asante," rubani alisema.

Dakika ya kwanza hakuna kilichotokea. Halafu mtu wa juu kabisa kwenye ngazi akasimama, akageuka, na wote waliokuwa nyuma yake wakaanza kushuka kinyumenyume. Bwana mmoja aliyebeba suti ndani ya mfuko alikuwa akipiga kelele kwamba harusi ya dada yake ni kesho, nani atamfikisha, nani? Mkurugenzi alimsogelea Mama Tochi mpaka wakawa uso kwa uso.

"Umeniua," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa. Kisha akaenda kuwakabili abiria mwenyewe, na hilo Mama Tochi alimhesabia kuwa jema, kwamba hakumtuma mtu.

Kufikia adhuhuri marubani wengine wanne walikuwa wamesikia, nao wakakataa kuruka. Rubani wa ndege ya tatu aliandika taarifa kwa mamlaka ya anga, na Mama Tochi akaandika yake, kurasa mbili, akitaja na zile chenga mbili za awali na kitambaa alichozifutia. Jumatatu amri ikatoka: ndege zote sita zibaki chini, pampu ya ndege ya tatu ifungwe kwa lakiri na kupelekwa kufunguliwa na wataalamu. Amri ya pili ilimhusu yeye. Leseni yake ilisimamishwa miezi mitatu kwa kutoandika alichokiona. Mwalimu alipewa onyo, akaandika barua ya kuacha kazi kabla hata hajamaliza kulisoma.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko alivyodhani. Foleni ya watu wanaodai nauli zao ilizunguka ofisi ya tiketi mara mbili. Wenye ndege walikuja na wanasheria wao, wakazifunga injini kwa vifuniko vyekundu. Wahudumu walirudisha sare zikiwa zimepigwa pasi. Jikoni kwa kaka friji zilikuwa zimejaa kuku na mboga za likizo nzima. Wiki ya kwanza aligawa kwa wafanyakazi, ya pili akauza kwa bei ya kutupa, ya tatu akazima friji. Wale tisa wapya walimwaga unga kwanza, kisha wengine kwa zamu, kuanzia wasio na watoto.

Mama Tochi na kaka yake waliishi nyumba mbili zilizopakana, urithi wa wazazi wao, zikigawana ukuta mmoja na tangi moja la maji. Kwenye ukuta kulikuwa na mlango mdogo ambao haukuwahi kufungwa tangu wazae wote wawili. Watoto walikua wakipita pale, sahani zilipita pale, ugomvi na misamaha vilipita pale. Siku ya nne baada ya amri, alirudi kutoka sokoni akakuta mlango una kufuli. Alisimama mbele yake na mfuko wa nyanya mkononi, akajikaza asilie, akashindwa.

Mitaani walisema amehongwa na shirika pinzani. Dukani mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha trei jikoni kwa kaka alimtazama kutoka juu hadi chini, akawaambia waliokuwapo, "Huyu ndiye aliyeona wadudu kwenye mafuta." Watu wakacheka. Mama Tochi naye alitaka kucheka, maana ilichekesha, lakini alilipia sabuni yake akatoka.

Wiki ya tano, mchana, mlango wa mbele uligongwa. Alikuwa wifi yake, mke wa kaka. Hakukaa mpaka alipoombwa mara ya pili.

"Sijatumwa," wifi alisema. "Hajui kama nimekuja. Ameuza gari la chakula leo."

"Wifi, pole."

"Sitaki pole. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu, na usinizungushe. Una uhakika? Ile ndege ingeanguka?"

Mama Tochi alitamani kusema ndiyo. Neno moja dogo, na lingempa wifi kitu cha kurudi nacho nyumbani.

"Hapana," alisema. "Sina uhakika."

Wifi alisimama. "Watu thelathini na watano jikoni kwetu. Thelathini na watano! Kwa kitu usichokuwa na uhakika nacho?"

"Sikuwa na uhakika kwamba itaanguka. Sikuwa na uhakika kwamba itafika pia. Ningekuwa nao huo wa pili ningesaini, wifi. Ningesaini kwa mikono miwili."

Wifi aliondoka bila kuaga. Lakini pale mlangoni alisita kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kabla ya kwenda.

Matokeo yalikuja wiki ya saba. Rubani ndiye aliyepiga simu, na kama kawaida yake hakupiga mbio na maneno. Pampu ilikuwa imefunguliwa. Ndani yake kulikuwa na gurudumu la meno lililopasuka, na ufa ulikuwa umekula theluthi mbili ya unene wake. Wataalamu waliandika kwamba lingeweza kustahimili kutua mara thelathini zaidi, au mara moja. Kwenye nyingine tano, mbili zilikuwa na ufa kama ule, unaoanza. Siku hiyo hiyo nchi kumi na moja zilizishusha ndege za aina ile, na kiwanda kikaifuta ile barua ya ukurasa mmoja.

"Upo?" rubani aliuliza.

"Nipo." Alikuwa amekaa sakafuni jikoni, hajui amekaaje. Aliwaza ile siku ya kitambaa, zile chenga mbili. Ndege ya tatu ilikuwa imetua mara hamsini na kitu baada ya yeye kuzifuta. Mara hamsini na kitu, watu wamefunga mikanda, wanakula keki za kaka. Pongezi zilizoanza kuingia kwenye simu yake jioni ile hakuzijibu.

Shirika halikufa lote. Wenye ndege walichukua nne, mkurugenzi akabaki na mbili zikisubiri pampu, pamoja na zile mbili za aina nyingine. Alimpigia simu Mama Tochi akamwambia leseni ikirudi kazi yake ipo, ila fundi mkuu atakuwa mwingine. "Bodi haitaki jina lako pale juu," alisema. "Kwa sababu ya zile chenga mbili." Mama Tochi alisema anaelewa, na safari hii alielewa kweli. Alimwomba jambo moja, wamrudishe Mwalimu amalizie miezi yake. Mwalimu alipoambiwa alikataa. Alisema mkono ukishatia sahihi ya namna ile hauwezi tena kushika chaki.

Kaka alikuja Jumapili iliyofuata. Hakupita kwenye mlango wa ukutani, alizunguka barabarani, akagonga mlango wa mbele kama mgeni. Alikuwa amepungua. Shati lilimning'inia mabegani.

"Ulikuwa sahihi," alisema akiwa bado amesimama nje. "Nimesoma. Na bado nina hasira na wewe. Sasa nifanye nini?"

"Ingia nayo ndani, kaka. Usikae nayo juani."

Aliingia, akakaa. "Sikukasirikia ndege," alisema. "Pale koridoni nilikuuliza kama kuna kitu hujaniambia. Ukasema hakuna. Nusu saa baadaye ukamwambia rubani, mtu wa kando. Mimi nikasimama pale nikipakia keki ndani ya lile jeneza, na wewe unanitazama. Ungeniambia, ningelirudisha gari mwenyewe."

Mama Tochi hakujua kama ingekuwa hivyo. Pengine kaka naye hakujua. "Niliona aibu," alisema. "Wewe ndiye uliyenisomesha. Nilikuonea aibu wewe kuliko mamlaka."

Kaka alijifuta uso kwa kiganja, harakaharaka, akakohoa. Akaanza kueleza, kama mtu anayezungumza na ukuta, kwamba amepata zabuni ya kupikia hospitali, chakula cha wagonjwa, watu kumi na mmoja tu amewarudisha. Si kama zamani, lakini moto unawaka. Shida ni sufuria kubwa ya mvuke aliyoinunua kwa mtu na kuifunga kule hospitali. Inavuja, fundi amekuja mara tatu, na wagonjwa wanataka uji wao kesho asubuhi.

"Inavuja wapi? Kwenye mfuniko au kwenye bomba?"

"Ningejua ningekuwa hapa?"

"Mimi sina leseni mpaka mwezi ujao," Mama Tochi alisema.

Kaka alimtazama, na kitu fulani kikalegea pembeni ya mdomo wake. "Ni sufuria, mdogo wangu. Hairuki."

Alikwenda chumbani akatoka na sanduku la spana. Kaka alilipokea, likamlemea, akalihamishia mkono wa pili, na wote wawili wakatoka kwenda hospitali.